UZI: Muyaka hasomeki bila Mombasa yake, na zile njia za zamani za uhakiki bado zina kazi

mwana_wa_kuze

Salaam wote. Kuna jambo limenikaa rohoni muda na nataka tuliongee hapa kwa kirefu. Siku hizi ukikaa na vijana wanaosomea fasihi chuoni, ukiwaambia kabla hujafasiri shairi uliza kwanza katunga nani, katunga lini, mji ulikuwa na hali gani, wakuangalia kama umetoka zama za majahazi. Wao wataka nadharia mpya, wataka umuundo, wataka udenguzi, ufeministi, nadharia za baada ya ukoloni, na vyote hivo sina ugomvi navyo mie, navisoma na vingine navipenda sana. Ugomvi wangu ni vile wanaziruka zile njia za mwanzo kana kwamba zilikufa zikazikwa. Hazijafa, na kwa mashairi yetu ya huku pwani nasema wazi kabisa bila hizo hata mlangoni hufiki.

Kwa asiyezijua, hizo njia za jadi ziko kama mbili kubwa. Moja ni ile ya kihistoria na kiwasifu, yaani unaisoma kazi ukiangalia maisha ya mtunzi na zama alizoishi, au zama za wale anaowasimulia. Ya pili ni ya kimaadili na kifalsafa, hio yauliza kazi hii yafunza nini, yamjenga mtu ama yambomoa. Hii ya pili ndo kongwe. Plato kule Ugiriki, karne ya 4 kabla ya Kristo, kwenye ile dola yake ya kufikirika hakutaka washairi waachiwe huru kwa sababu aliona wanachochea hisia za watu na kuwaweka mbali na ukweli, alafu Horace wa Roma akaja na msimamo wa upole zaidi, kwamba mshairi kazi yake ni kunufaisha na kufurahisha. Ile ya wasifu na historia ilishika nguvu Ulaya karne ya 18 na 19. Samuel Johnson wa Uingereza alitoa vitabu vyake vya maisha ya washairi kati ya 1779 na 1781, kila mshairi anasimuliwa maisha yake kisha kazi zake zinatolewa hukumu. Ufaransa kulikuwa na Sainte-Beuve, yeye alikuwa akimchimba mwandishi kabisa, ukoo wake, marafiki zake, dini yake, mambo yake ya pesa. Na Hippolyte Taine kwenye historia yake ya fasihi ya Kiingereza iliyoanza kutoka 1863 akasema kazi yoyote huzaliwa na vitu vitatu, asili ya watu wenyewe, mazingira na wakati. Hapo kwenye asili Taine simfuati, mambo ya kueleza akili za watu kwa kizazi chao tunajua Afrika yalitufikisha wapi. Lakini mazingira na wakati siwati, yaani siachi.

Haya, sasa tuje nyumbani. Huu ni ubeti wa Muyaka bin Haji al-Ghassaniy, wengi mwaujua:

Kimya kina mshindo mkuu, ndivyo wambavyo wavyele
Kimya chataka kumbuu, viunoni mtatile
Kimya msikidharau, nami sikidharawile
Kimya kina mambo mbele, tahadharini na kimya

Mpe mwanafunzi wa fomu thrii huu ubeti bila kumwambia lolote. Atakuandikia kwamba shairi lahusu umuhimu wa kunyamaza, na funzo ni tusiwadharau watu wapole. Si uongo, ila hapo atakuwa amesoma methali, shairi lenyewe bado.

Sasa mwambie mtunzi alizaliwa Mombasa mwisho mwisho wa karne ya 18 na akafa karibu 1840. Mwambie alikuwa mtu wa karibu wa Mazrui, wale magavana waliokuwa wakitawala kutoka Ngomeni, ile Fort Jesus, na wakakataa kuwa chini ya Seyyid Said wa Oman. Mwambie alikuwa mtu mzima wakati Mombasa na Pate, kisiwa jirani cha Lamu, walipokwenda kupigana na Lamu, wakashindwa vibaya pale ufuoni Shela, miaka ya mwanzo ya 1810s. 1824 Mazrui waliingia chini ya himaya ya Waingereza kwa mkono wa yule kapteni Owen, na 1826 himaya hio ikaondolewa wakabaki peke yao. 1828 Seyyid Said akaja na meli zake, akarudi tena 1833, na mwisho 1837 akaupata mji, na aliupata kwa sababu wenyewe kwa wenyewe walikuwa washagawanyika, kuna wakubwa wa mji walioegemea kwake. Baadae wakubwa wa Mazrui wakakamatwa wakapelekwa mbali, Bandar Abbas, bandari ya Uajemi.

Mwambie yote hayo alafu mrudishe kwenye ubeti. Kimya sasa ni cha nani? Ni cha adui ambaye mwaka huu hamjamuona baharini, na watu washaanza kulala mchana. Ile kumbuu ya kiunoni haiko pale kwa pambo la vina, ni mtu anaambiwa ajifunge mkaja asimame tayari. Na ile "mambo mbele" yatisha kwa sababu sisi tuliokuja nyuma twajua mbele kulikuwa na nini. Hio ndo kazi ya njia ya kihistoria. Hakuna nadharia nyingine itakayokupa hilo, na ukishalipata ndo uje na nadharia yako yoyote uipendayo.

BintiMakadara

Waalaykum salaam kakangu. Mie nafunza Kiswahili sekondari na hii mada imenigusa. Naunga mkono lakini niongeze kitu, shida yetu mashuleni ni ile njia ya pili, ya maadili, imemeza kila kitu. Mtoto akifungua setibuku cha kwanza kutafuta ni funzo. Riwaya haijafika ukurasa wa kumi ashaandika pembeni "ufisadi ni mbaya". Na hatuwezi kuwalaumu, manake maswali ya maudhui yakija mtihanini wataka aorodheshe, na yule mwenye orodha ndefu ndo apata maksi.

Lakini kuna jambo moja naliona kila mwaka nikisahihisha na latia moyo. Kwenye karatasi ya tatu ya mtihani wa fasihi kuna lile swali la dondoo, eleza muktadha wa dondoo hili. Hapo mtoto ajua vizuri sana la kufanya: msemaji ni nani, amwambia nani, wako wapi, na kumetokea nini hadi yakasemwa hayo. Hakuna anayebisha kwamba maneno ya mhusika hayafasiriki bila hayo manne. Basi kwa nini maneno ya mtunzi mwenyewe tuyasome yakiwa yaning'inia hewani? Mie sasa hivi nikiwafunza ushairi nawaambia hebu lichukulieni shairi zima kama dondoo. Msemaji Muyaka, awaambia watu wa Mvita, yuko Mombasa ya Mazrui, na adui yuko baharini. Wanashika haraka mno, kuliko nikianza na majina ya nadharia.

tudor_msomi

Nimesoma kwa makini na nina pingamizi, mnisamehe wakubwa zangu. Hizi njia za kihistoria na kiwasifu hazikuachwa kwa sababu ya fasheni. Ziliachwa kwa sababu watu walizitumia wakawa hawasomi tena kazi yenyewe. Lekchara anaingia, dakika arobaini anasimulia mwandishi alizaliwa wapi akaoa nani, dakika tano za mwisho ndo shairi linasomwa. Wahakiki Wimsatt na Beardsley kule Marekani 1946 waliandika wakaeleza vizuri kabisa kwamba nia ya mtunzi haipatikani na hata ikipatikana si kipimo cha shairi, shairi likishatoka ni la umma, lapimwa kwa maneno yaliyomo. Roland Barthes, mhakiki wa Kifaransa, naye 1967 akasonga mbele zaidi akasema mwandishi afe ili msomaji azaliwe. Na kabla ya wote hao Proust, mwandishi wa riwaya wa Ufaransa, alishaanza kumpinga Sainte-Beuve, kwamba yule mtu anayekula na kulala na kupokea wageni si yule anayeandika.

Tena nina swali la moja kwa moja. Huo ubeti wa kimya umesema ni wa wakati wa Seyyid Said. Utajuaje kwamba Muyaka hakuwa anamsema jirani yake? Kuna mashairi yake mangapi ya mapenzi, ya njaa, ya mke, ya deni? Ukishaamua ni siasa kila neno litakubali kuwa siasa.

mwana_wa_kuze

Ndugu yangu hoja yako ni ya haki na ntaijibu sawasawa. Kwanza hio ya lekchara anayesimulia maisha dakika arobaini, nami siitaki. Historia isiyorudi kwenye neno la shairi ni porojo tu. Ndo maana nilikutajia kumbuu, mpaka ukarudi kwenye neno ukaona limebadilika uzito, hapo ndo historia imefanya kazi, na ikiwa halijabadilika basi iwate hio historia hata kama ni ya kweli.

Pili kuhusu jirani. Sikusema ubeti ni wa mwaka fulani na sina haja ya kusema hivo. Ugomvi wa Mombasa na Seyyid Said ulichukua karibu utu uzima wote wa Muyaka, kwa hivo sihitaji kuupachika tarehe, natosheka kujua hewa aliyokuwa akiivuta. Lakini angalia maneno yenyewe, wewe ndo wapenda maneno yenyewe. Anasema msikidharau, tahadharini, mtatile, yote ni wingi. Mtu mwenye ugomvi na jirani hawaiti watu wote wafunge viuno. Ushahidi wa ndani na ushahidi wa nje unakutana hapo, nami sijawahi kuona kwa nini lazima tuchague mmoja.

Na hao kina Wimsatt, tukumbuke walikuwa wakisoma mashairi gani. Mengi ni ya mtu aliyekaa peke yake chumbani akaandika, yakapigwa chapa, yakasomwa na watu wasiomjua. Muyaka hakutunga hivo. Yake yalitoka mdomoni yakaenda mitaani, na wasikilizaji walikuwa wanajua kabisa ni nini kimetokea wiki ile. Ile hali haikuwa nje ya shairi, ilikuwa nusu ya shairi ambayo haikuandikwa kwa sababu kila mtu alikuwa nayo kichwani. Sisi ndo hatunayo, kwa hivo lazima tuitafute.

Maalim_Ndiani

Wanangu nawasikiliza. Nimefurahi kuona vijana wabishana juu ya Muyaka badala ya mpira.

Nataka kusema kitu kimoja tu. Mwaongea kama hii njia ya kuuliza katunga nani na kwa nini imetoka kwa hao Wafaransa. Huku kwetu hakuna mzee wa baraza aliyemjua Taine, na swali la kwanza shairi likiletwa lilikuwa ni lilo hilo. Katunga nani? Kamjibu nani? Manake mashairi yetu mengi ni ya kujibizana. Muyaka wa Mombasa akitoa lake, Bwana Zahidi Mgumi wa Lamu atoa lake, na yale ya Zahidi ndani mna mambo ya vita vya Shela waziwazi na ya mafumbo. Ukisoma upande mmoja peke yake wasikia mtu aongea kwenye simu na hujui mwenziwe asema nini.

Na fumbo ndivyo lilivyo. Mtunzi alifumba makusudi ili asiyehusika apite na anayehusika aumie. Basi kulifumbua fumbo bila kujua nani alikuwa anahusika, mwanangu wa Tudor, huko si kusoma, ni kubahatisha. Hata Shihabuddin Chiraghdin, Mungu amrehemu, alipoihariri Malenga wa Mvita ya Ustadh Ahmad Nassir Juma Bhalo, ikatoka 1971, hakuyatupa mashairi mbele ya msomaji hivi hivi, aliyatangulizia maelezo. Hilo ni baraza limehamia kitabuni.

tudor_msomi

Shikamuu maalim. Nimekuelewa na kuhusu majibizano sina la kupinga, hapo lazima ujue upande wa pili. Ila bado naogopa jambo moja na ntalitolea mfano wa karibu zaidi. Abdilatif Abdalla, mzaliwa wa hapa hapa Mombasa 1946. Aliandika karatasi ya kuikosoa serikali, Kenya Twendapi, mwaka 1968 akaishia jela miaka mitatu, 1969 mpaka 1972, na Sauti ya Dhiki iliyotoka 1973 ni mashairi aliyoyatunga humo kizuizini. Sasa hebu angalieni wanafunzi wanavyoisoma. Kila shairi ni jela, kila shairi ni serikali. Wakifika kwenye Mnazi, wale ndugu wawili Alii na Badi wanagombania mnazi, mara moja waandika huyu ni chama tawala yule ni upinzani, kwisha habari. Hakuna anayeangalia yale majibizano yamejengwa vipi, kila mmoja anavyochukua neno la mwenzake akalipindua, na Kimvita, lahaja ya Mombasa, kilivyo kitamu mle ndani. Maisha ya mtunzi yamekuwa makubwa kuliko mashairi yake. Hilo ndo naliita hasara.

mwana_wa_kuze

Hio ni hasara kweli na nakubaliana nawe mia kwa mia. Lakini dawa yake si kumuua mwandishi, dawa ni kumsoma vizuri. Siwati kwa mfano, ile "siwati nshishiyelo, siwati, kwani niwate", yaani siachi nililolishika, kwani niliache. Mtu asiyejua habari yoyote atalisoma kama shairi la msimamo tu, msimamo wowote, hata wa mapenzi. Ukijua kwamba huyu ni kijana wa miaka ishirini na kitu, amefungiwa peke yake, na kwamba njia ya kutoka ilikuwa ni hio hio kuyawata aliyoyashika, lile swali "kwani niwate" lakuwa swali kweli, kuna mtu anamuuliza na yeye anamjibu. Hapo wasifu umeongeza. Kwenye Mnazi wasifu ukitangulizwa kupita kiasi unapunguza, kwa sababu shairi lenyewe limepewa sauti mbili makusudi na ukishaitia moja cheo cha ubaya umeshaiziba. Kwa hivo hakuna kanuni moja ya kupiga kila pahali, lazima uwe na sikio.

BintiMakadara

Mimi nataka tuje kwa Mwana Kupona kwa sababu ndo pahali darasa langu huwaka moto. Wasichana wakikisoma kile kipande cha radhi tano, Mungu na Mtume, baba na mama, na ya tano mume, wanakasirika, na nawaelewa. Wasema huyu mama awafunza wanawake utumwa. Wavulana nao wanashangilia, ambapo hapo ndo mimi nakasirika.

Kwa hivo nawarudisha kwenye historia. Mwana Kupona binti Msham, wa Pate, utendi ameutunga 1858 kwa ajili ya bintiye Mwana Hashima. Mumewe Bwana Mataka alikuwa sheikh wa Siyu, mji wa kisiwa hicho hicho cha Pate, aliyepambana na Seyyid Said miaka mingi, na alikufa 1856. Kwa hivo anayeongea ni mjane wa nyumba ya utawala, mgonjwa, mwenyewe asema maradhi yamenishika hata yametimu mwaka, na alikufa karibu 1860, kama miaka miwili tu baadae. Ana binti ambaye hivi karibuni hatakuwa na baba wala mama. Nawauliza wanafunzi, mama huyu akikaa kumwambia bintiye la mwisho, atamwambia pindua dunia ama atamwambia namna ya kusalimika ndani yake? Darasa lanyamaza hapo kidogo. Halimalizi ubishi lakini ubishi unakuwa wa maana zaidi.

Mama_Faza

Dadangu nimekusoma na mimi ni mtu wa huko huko visiwani, utendi huu bibi zetu waliusoma kwa moyo. Hapo umesema vizuri ila naona umetumia historia kumtetea. Historia isiwe wakili. Maneno yako pale, mume ashikwe vipi, asikatazwe nini, na maneno hayo yametumiwa kuwanyamazisha wanawake hadi leo harusini. Mtu akiyasoma leo akaumia, maumivu yake si ujinga wa historia.

Na kwa upande mwingine, mbona hamtaji pale aliposema mume atunzwe kama mtoto mdogo asiyejua kunena? Mimi bibi yangu akifika hapo alikuwa akicheka na wanawake wenzake wote wanacheka. Yule bwana mkubwa wa radhi ya tano sasa ni kitoto kisichojua kusema. Kicheko kile hakimo kwenye kitabu chochote mnachokitaja, na mimi nadhani ni uhakiki pia. Tena mwishoni anawaita wanawake waisome, si bintiye peke yake, kwa hivo alijua kuna watu wengi wanasikiliza na kila mmoja atachukua lake.

BintiMakadara

Mama shikamuu, na umenipa kitu cha kwenda nacho darasani. Nakubali historia isiwe wakili. Ntalitumia hilo la kicheko.

mwana_wa_kuze

Mama_Faza hapo umetia jambo kubwa. Hao wanawake waliocheka walikuwa wanaisoma wakiwa ndani ya yale maisha, walikuwa na ule muktadha mwilini. Ndo ninachokililia mie tangu juu. Na kuhusu anayeumia leo, kweli, zama za msomaji nazo ni historia, utendi una maisha ya 1858 na una maisha ya kila harusi uliposomwa baada ya hapo. Njia ya zamani iliishia kwa mtunzi, sisi tunaweza kuivuta ifike mpaka kwa wasomaji bila kuivunja.

Ila kuna hatua hatujaigusa na kwangu mie ndo ya kwanza kabisa kabla ya historia na kabla ya maadili. Je, hayo maneno tunayobishania ndo yenyewe? Wahakiki wa jadi walikuwa na nidhamu hii ya kuhakiki matini, kulinganisha nakala moja na nyingine mpaka ujue lipi ni la mtunzi na lipi la mnakili. Watu waiona ni kazi kavu ya makarani. Kwetu sisi ni kazi ya uhai na kifo.

Fikirieni Muyaka alivyotufikia. Alikufa karibu 1840. Mashairi yake yalibaki vichwani mwa watu na kwenye karatasi za hati ya Kiarabu. Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi wa hapa Mombasa, aliyekufa 1890, ndiye aliyeyakusanya na kuyafafanua, akifanya kazi na yule mmishonari W. E. Taylor. Karatasi za Taylor zikaishia London, chuo cha SOAS. William Hichens akayatoa kama diwani kule Johannesburg 1940, miaka mia tangu mtunzi afe, na 1979 Mohamed Hassan Abdulaziz akatoa kitabu chake kikubwa juu ya Muyaka, chenye mashairi na maelezo ya zama zake. Mwaona mikono mingapi hapo kati?

Na ile hati yenyewe. Hati ya Kiarabu ilivyotumiwa zamani kuandika Kiswahili, herufi moja ya be yaweza kuwa b, yaweza kuwa p, yaweza kuwa mb. Fe yaweza kuwa f au v. Ghaini yabeba g, gh na ng'. Irabu ndo usiseme, i na e alama moja, u na o alama moja. Kwa hivo anayegeuza kuleta hati ya Kirumi kila mstari anaamua, na kila uamuzi wake ni tafsiri tayari, ashahakiki kabla yako wewe hujafungua kitabu. Mwalimu Sikujua, aliyejua Kimvita cha wazee na aliyekuwa karibu na wakati ule, uamuzi wake una uzito ambao mtu wa mbali hawezi kuupata hata awe na digirii ngapi. Alafu mtu aja ananiambia maandishi yenyewe tu yatosha. Maandishi yepi? Ya nakala gani, yaliyosomwa na nani?

tudor_msomi

Hapa umenibana. Kwa fasihi yetu ya kale naona kuhakiki matini lazima kutangulie, hilo nalichukua. Lakini maadili je? Hio ya Plato na Horace bado naiona ndo dhaifu kuliko zote, BintiMakadara mwenyewe ashaeleza inavyoua madarasa.

Maalim_Ndiani

Si dhaifu, mwanangu, yategemea imekuja wakati gani. Chukua Al-Inkishafi, ule utendi wa kale wa Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir. Utaisomaje hio bila maadili? Mtu anauambia moyo wake utoke kwenye usingizi wa dunia, ndiyo kazi yote. Anayesema tusiulize inafunza nini huyo hataki kuisikia. Lakini angalia anavyofunza. Hakuanza kwa kusema dunia yapita ukaandika kwenye daftari. Amekutia kwanza ndani ya majumba ya Pate:

Madaka ya nyumba ya zisahani
sasa walaliye wana wa nyuni

Mpeleke kijana Lamu ama Gede ayaone hayo madaka ukutani, yale matundu yaliyochongwa kwa kupangwa vyombo vya kauri vya Uchina, kisha mwambie sasa humo walala makinda ya ndege. Na Pate haikuwa mji wa hadithi, ilikuwa dola, ilikuwa na wafalme wake na mafundi wake, ikaporomoka kwa vita na ugomvi wa wenyewe kwa wenyewe. Akishajua hilo, funzo litamuingia lenyewe hata mwalimu asipolitaja. Funzo likitangulia mbele ya nyumba linabaki neno tu. Mie nimewasomesha wengi utendi huu na sijawahi kuandika ubaoni dhamira yake ni nini.

BintiMakadara

Maalim hilo la mwisho laniuma kwa sababu mimi lazima niandike ubaoni, mtihani waja. Lakini naweza kubadilisha mpangilio. Muhula huu ntajaribu tusiguse neno maudhui mpaka wiki ya tatu. Kwanza tusome kwa sauti, tutafute maneno ya Kiamu, lahaja ya Lamu, na ya Kimvita wasiyoyajua, kisha zama, kisha mtunzi. Nina bahati shule iko Mombasa, naweza kuwapeleka Ngomeni kwa miguu nikawasomea kile kimya pale juu ya ukuta bahari ikiwa mbele yao.

pwani_asilia

Nimekuwa nikisoma tu kimya sina elimu kubwa ya haya mambo lakini swali, na vitabu vya siku hizi je, nathari? Ama hii ni ya washairi wa kale pekee?

mwana_wa_kuze

Hapana ndugu, hata nathari. Chukua Kusadikika ya Shaaban Robert, 1951. Nchi ya kufikirika iliyo hewani, Karama ashtakiwa kwa kutaka kufunza watu sheria. Mtunzi alikuwa mfanyakazi wa serikali ya kikoloni Tanganyika miaka mingi, na uhuru ulikuja 1961, miezi michache tu kabla yeye kufa. Ukijua hayo waelewa kwa nini ile nchi imewekwa hewani, pahali pasipo na ramani. Na hapo hapo kitabu ni cha maadili tupu, Shaaban mwenyewe hakuficha, kwa hivo njia zote mbili zafanya kazi kwa pamoja. Kwa riwaya za sasa ambazo mwandishi yuko hai na anahojiwa redioni, mie huwa mwangalifu zaidi, manake asemacho mwandishi juu ya kitabu chake si lazima kiwe ndo kitabu kilichotoka, hapo tudor_msomi na Wimsatt wake wana haki yao.

Jambo la mwisho na hili ni ombi kwa watu wa Mji wa Kale, Lamu, Siyu, Faza, Pate, mlio na makaratasi ya wazee ndani ya masanduku. Kama nyumbani kuna tendi au mashairi kwa hati ya Kiarabu, msiyatoe wala kumuuzia mtu. Yapigeni picha kurasa zote, za pembeni pia, kwa sababu pembeni ndo wanakili waliandika maelezo yao. Angalieni ukurasa wa mwisho kama kuna jina la aliyenakili na mwaka wa Hijra, mtunze hio habari pamoja na picha. Na kama kuna bibi au babu anayeisoma, mrekodini akisoma, na akicheka pahali andikeni ni ubeti gani.

Wiki ijayo nafungua uzi mwingine wa majibizano ya Muyaka na Zahidi Mgumi, ubeti kwa ubeti. Maalim naomba uwe wa kwanza kuuchangia.

Maalim_Ndiani

Inshallah. Ila tuanze na la Zahidi, si la Muyaka. Watu wa Mombasa mmezoea kuanza na lenu.